Vitunguu kwa Mbwa wa Mdachi

Mjomba wa mama yangu alifuga mbwa, na kwa sababu hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekubali kula nyumbani kwake. Alikaa Mloka, huko juu mtoni, karibu na pori, mahali ambapo nguruwe na nyani hula shamba kabla ya mwenyewe. Asiye na mbwa kule hana mavuno. Sisi wa Ruaruke tulimwita babu na kumwamkia kwa heshima zote, lakini akitukaribisha ubwabwa tulisema tumeshiba, hata kama matumbo yananguruma. Mama alisema mbwa ni najisi, akikuramba sharti uoshe mara saba, mara moja kwa udongo. Mwenye mbwa kundi zima ataosha mpaka lini?

Mimi nilikuwa mtoto mkaidi. Tulipokwenda kumtembelea nilimfuata nyuma ya nyumba nikatazame mbwa wakila. Siku moja nikawamwagia mabaki ya mchuzi uliojaa vitunguu, naye babu akanishika mkono upesi.

"Mjukuu wangu, vitunguu usimpe mbwa," alisema. "Akila leo hutaona kitu. Akila na kesho na keshokutwa, atakojoa mkojo mwekundu, fizi zitakuwa nyeupe, na mbio zitamwishia. Mbwa wangu aliyekuwa bora kuliko wote alikufa kwa makombo ya harusi."

"Mbona sisi tunakula kila siku, babu?"

"Wewe si mbwa." Akaniambia kitunguu saumu ndicho kibaya zaidi, na kwamba moto hauondoi ubaya wake: kibichi au kilichoiva, ni mamoja. Mbwa hajui, akala kwa furaha. Nilicheka, maana nilidhani wazee wa porini wana mengi ya kusema na watu wachache wa kuwaambia. Lakini neno lile lilikaa.

Vita vya maji vilipokuja nilikuwa mke wa mtu na mama wa binti aliyekuwa ameanza tu kutembea. Mume wangu alikuwa mtu wa milimani, Mmatumbi, naye alipanda huko kwao pamoja na wenzake wakiwa wamekwisha kunywa dawa. Hakurudi. Kaka yangu naye aliinywa. Waliambiwa risasi ya Mdachi, yaani Mjerumani, itageuka maji, na kwa kuwa pamba ya Mdachi ilikuwa imetuchosha migongo, nani asingependa kusikia hivyo? Mimi siwacheki. Watu wa leo huwacheka, wakiwa wamekaa barazani na miguu yao mizima. Ila mara nyingi nimewaza kwamba dawa ile ilikuwa ya risasi, na hakuna aliyemuuliza mganga habari za mbwa.

Askari walipochoma kijiji chetu tulikimbilia deltani, upande wa Mbwera, kwenye visiwa vya mpunga nyuma ya mikoko. Tulipanda kwenye dungu la watu waliokuwa wamekwisha kukimbia. Dungu, kwa asiyelijua, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, ambamo mtu hukaa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na mafuriko yakija maji hupita chini yake. Tulikuwa wanne: mama, kaka, mimi na binti yangu. Tulikula mizizi ya mayungiyungi na kaa wa matopeni. Binti yangu alikonda hadi shingo ikashindwa kuinua kichwa.

Ndipo kaka akakumbuka mpunga. Kabla ya kukimbia tulikuwa tumefukia mtungi wa mpunga nyuma ya nyumba yetu, chini ya jivu la jikoni, kwa kuwa askari wakitafuta nafaka huchimba penye udongo mpya lakini hawachimbi jaani. Tukakubaliana turudi mimi na yeye, tuuchukue, tuwaletee. Mama alibaki na mtoto.

Hatukufika. Tulikuwa tunakatiza kwenye matete ya bonde, nyumba tayari tunaiona, au tuseme mahali ilipokuwa, tuliposikia mbwa. Kaka akanisukuma chini ndani ya tope na kukimbilia upande mwingine ili wamfuate yeye. Walimfuata. Kulikuwa na mbwa wawili, dume kubwa la rangi ya mchanga lenye sikio lililochanika, na jike jeusi. Lile dume ndilo lililompata. Lilimkamata mguu juu ya kisigino na kumwangusha, nalo halikuachia mpaka askari walipofika na visu vya bunduki zao. Mdachi alikuja nyuma yao, taratibu, kama mtu anayekagua shamba lake. Akatoa kipande cha nyama mfukoni akampa mbwa, akampapasa kichwa, akamwambia maneno ya upole kwa lugha yao.

Niliyaona yote hayo nikiwa topeni. Kisha jike likanipata na mimi.

Kaka walimwacha palepale amekufa, wazi, bila kaburi. Mimi walinifunga kamba wakanipeleka kambini kwao, karibu na Kibiti, palipokuwa na wanawake wengine waliokamatwa: wa kutwanga, wa kuteka maji, wa kufua. Mpishi wa Mdachi alikuwa mtu mzima wa pwani, mwenye kofia safi na roho nzuri, anayeswali vipindi vyote nyuma ya hema la jiko. Kila mwanamke alipewa kazi yake, lakini kazi moja ilikuwa imekosa mwenyewe. Mbwa walipikiwa katika sufuria yao, wali na utumbo wa mbuzi na mifupa, nayo sufuria ilikaa mbali, juu ya mafiga yake peke yake, na hakuna aliyetaka hata moshi wake umguse. Wanawake walitema mate na kusukumiana. Mpishi mwenyewe alikuwa akiikoroga kwa mti mrefu huku ameziba pua kwa kitambaa.

Nikasema, "Nitapika mimi."

"Binti, unajua unalosema?" mpishi aliniuliza.

"Najua, baba."

"Basi Mungu akulipe."

Nilimjibu amina, na nilitaka kweli anilipe. Toka siku ile hakuna mwanamke aliyekula nami sahani moja. Walinimegea changu pembeni, kwenye jani la mgomba, na nikienda kuteka maji walingoja nimalize. Wacha wafanye. Mimi nilikuwa na mbwa wangu wa kuwalisha.

Sikuanza na vitunguu siku hiyo. Kwanza niliwazoesha mkono wangu. Lakini haukupita muda nilimsikia akida akizungumza na mpishi. Akida huyu ndiye aliyemfasiria Mdachi, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata katikati ya vita, naye alipenda kujionyesha kwamba anajua mipango ya wakubwa. Alisema wanangoja maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka kupita kawaida, yashuke, mito ya deltani ikauke ibaki matope, halafu watavuka kwenda visiwa vya upande wa Mbwera na mbwa. "Watu wamejificha madunguni," alisema. "Askari peke yao hawawaoni, mpunga ni mrefu. Mbwa atawatoa mmoja mmoja, kama kutoa funza."

Mpishi aliendelea kukata nyama. Mimi nilikuwa nikimenya vitunguu vya nyama ya Mdachi, na sikuinua uso. Machozi yalinitoka, na nani atashangaa mmenya vitunguu akilia? Mama yangu na mwanangu walikuwa kwenye dungu mojawapo. Nililiona lile dume, limelala kivulini mbele ya hema la Mdachi, ulimi nje, likihema. Nikajua nina kazi, na kazi yenyewe ina muda.

Mdachi alipenda vitunguu kupita kiasi. Alikuwa na magunia yaliyoletwa kutoka mwambao, na kitunguu saumu mashada kwa mashada, akiamini kinamkinga na homa. Kambi nzima ilinuka vitunguu. Kwa hiyo harufu haikunisumbua. Nilivisaga juu ya jiwe mpaka vikawa uji, nikavikaanga katika mafuta ya mbuzi mpaka vikawa vitamu, nikavichanganya na utumbo na wali. Saumu niliitwanga nikaifukia ndani ya uboho wa mifupa. Tangu nizaliwe sijampikia mtu chakula kwa uangalifu namna ile, hata mume wangu siku za fungate.

Kulikuwa na askari ambaye kazi yake ilikuwa kuonja chakula cha Mdachi, kwa sababu Mdachi aliogopa wanawake mateka. Alionja supu, alionja nyama, alionja hata chai. Lakini alikuwa Mwislamu, na sufuria ya mbwa hakuisogelea. Mdachi hakuwahi kufikiri kumwamuru, au labda alifikiri mbwa hana adui jikoni. Kambi nzima hapakuwa na chungu kisichoonjwa ila kile.

Lile dume lilikula kwa pupa, mkia ukipiga chini. Lilianza kunipenda. Nikitokea lilisimama, nikikaa lililaza kichwa miguuni pangu, na mara likaniramba mkono, mkono uleule uliopika. Nilikwenda mtoni nikajiosha mara saba, mara moja kwa udongo, na kila nilipomwaga maji nilitaja jina la kaka. Wapo watakaosema mnyama hana kosa, yeye alitumwa tu. Mwambieni hivyo aliyekuwa topeni. Nililichukia likiwa linanipenda, na nilililisha hivyohivyo.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mwanzoni hapakuwa na dalili, nikaanza kumtukana babu wa Mloka moyoni. Halafu asubuhi moja niliona lile dume likikojoa kwenye nguzo ya hema, na mkojo ulikuwa na rangi nyekundu ya maji ya rosela. Nilisimama na mchi wangu nikashindwa kutwanga. Babu, nisamehe kwa kukucheka.

Likaacha kukimbia. Likawa linatembea hatua chache na kukaa. Jike nalo, ambalo hula mabaki ya dume, likaanza kuyumba. Mdachi aliinua midomo yao akaona fizi nyeupe kama karatasi, na uso wake ukabadilika. Akauliza nani anapika. Nikaitwa na sufuria yangu.

Walikuwapo wote mbele ya hema: akida, mpishi, yule mwonjaji, askari wengine wengi. Sufuria iliwekwa chini, ikiwa na chakula cha asubuhi ile ambacho dume lilikuwa limekigusa tu na kukiacha. Mdachi akasema neno, akida akalifasiri bila kunitazama.

"Anasema kula."

Nilisimama. Nitasema kweli, nilisita. Ndani mle hamkuwa na kitu cha kuniua, hilo nililijua kuliko wote. Lakini ilikuwa imeguswa na pua ya mbwa, mate ya mbwa yalikuwa yakining'inia ukingoni, nami nililelewa na mwanamke aliyeosha bakuli upya mbwa akipita tu uani. Mdachi aliona kusita kwangu, na mkono wake ukaenda kwenye bastola. Alidhani amepata jibu.

Mpishi akapiga hatua mbele. "Bwana akida, mwambie. Huyu Mwislamu. Haogopi sumu, anaogopa najisi."

Akida alijua. Wote walijua, hakuna aliyekuwa pale asiyefundishwa jambo lile na mama yake. Lakini akida alikitazama kiatu chake, na hakufasiri. Wanaume wazima, wenye bunduki na tasbihi, wakaniachia sufuria.

Nikaona basi. Nikikataa nitakufa, na Mdachi atawanywesha mbwa maziwa mpaka wapone, na bamvua itashuka. Nikapiga magoti, nikasema bismillahi kwa sauti ili wasikie wote, nikala. Nilikula kwa mkono wa kulia. Nilikula utumbo, nikala wali, nikafyonza uboho kwenye mifupa, nikakomba ukingo pale palipokuwa na mate, mpaka sufuria ikawa nyeupe na pasibaki chembe ya mtu kuichunguza. Mwonjaji aligeuka nyuma akatapika. Mimi nilimtazama Mdachi usoni muda wote, na nataka mjue kwamba kilikuwa kitamu. Vitunguu vilikuwa vimekaangwa vizuri.

Walinikalisha juani wakaningoja nife. Jua likageuka, nami ni mzima. Mdachi akacheka kidogo, kwa aibu, akatupa mikono. Akasema ni mbung'o, wale inzi wa porini wauao ng'ombe na farasi na mbwa. Kisha akaniamuru, kwa kuwa nimekwisha kuaminika, niwapikie mbwa supu nzito ya kuwarudishia nguvu.

Nilipika. Nilimaliza shada zima la saumu.

Niliosha kinywa changu kwa mchanga wa mto mpaka fizi zikatoa damu. Mpishi alinijia pale akanishikia kata ya maji, akanimiminia. Nadhani alikuwa ameonja hewa ya sufuria yangu siku nyingi, naye ni mpishi. Lakini hakuniuliza na mimi sikumwambia, na jioni ile alikula nami sahani moja.

Dume lilikufa wakati wa adhuhuri, kichwa kikiwa kimeelekea jikoni kwangu. Jike lilishindwa kusimama, na Mdachi akalipiga risasi mwenyewe, kwa huruma, ndivyo akida alivyotueleza. Huruma hiyo anayo, basi. Na Mdachi alilia. Alikaa chini mavumbini kwa suruali yake nyeupe, akakishika kichwa chenye sikio lililochanika, mabega yakimtikisika. Nilitamani kaka angekuwa hai aone. Wengine wanasema kisasi hakishibishi. Mimi nilishiba.

Akaamuru kaburi lichimbwe, na nani wa kulichimba kama si mpishi wa mbwa? Nililichimba refu, la kina, nikifikiria bonde la Ruaruke na mtu aliyelala juu ya ardhi. Mdachi akasimamisha ubao wa mvule, uliopigwa randa, ukaandikwa jina la mbwa kwa herufi zao, na askari wakapanga mstari. Mbwa alizikwa na jeshi.

Bamvua iliposhuka walivuka deltani bila mbwa. Walirudi na matope mpaka kiunoni, wamechomwa na mizizi ya mikoko, mikono mitupu, wakitukanana. Mama alinieleza baadaye. Alisema walipita chini ya dungu karibu kiasi cha kusikia mikanda yao ikilia, mmoja akakojoa kwenye nguzo, na yeye alikuwa ameufunika mdomo wa binti yangu kwa kiganja, mtoto akikohoa kikohozi chake ndani ya nyama ya kiganja hicho. Hawakutazama juu. "Angekuwapo mbwa mmoja tu," mama alisema.

Kambi ilihama kwenda kusini, mateka wa jikoni tukaachwa kama mafiga. Aliye juu mngoje chini, husema watu. Mimi niliwangoja tu waondoke. Walipotoweka nilikwenda kwenye kaburi la mbwa, nikaung'oa ule ubao, nikauweka kichwani, na ndani ya nguo nikafunga vitunguu vilivyobaki katika gunia la mwisho. Nikawafuata mama na mtoto, nikawarudisha nyumbani.

Tulimkuta kaka bondeni, yaani tuliikuta mifupa yake, na kipande cha shuka tulichokitambua. Tulimkusanya, tukamsomea tunayoyajua, tukamzika. Mama aliutazama ubao niliokuja nao, mzuri, laini, na udongo mtupu wa mwanawe.

"Mwanangu, kuna ubao hapo," alisema. "Tumsimamishie."

"Huu ulisimama kwa mbwa, mama."

Akauacha ubao. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye jaa la jivu, nikachimba kwa mikono. Mtungi ulikuwapo, mzima, umejaa mpunga aliofia kaka yangu. Tukautwanga. Nikauchana ubao kwa shoka, jina lote vipande vipande, nikawasha moto, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu, nikapika ubwabwa. Mvule huwaka vizuri.

Binti yangu alikula, akaisogeza sahani kwangu, akaomba tena. Nikachochea kipande kingine cha ubao katikati ya mafiga.